Nyuzi za Mwalimu na Vidole vya Futi

Fundi cherehani waliyemwita Futi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna aliyemwonea wivu: kupotea. Alipotea mchana kweupe, akapotea kwenye barabara iliyonyooka. Mwaka mmoja alipeleka suti kwa bwana harusi, akaingia kwenye harusi isiyo yake, akamvisha suti kijana ambaye hakuwahi kumpima hata ukosi, na kilichowashangaza wote ni kwamba ilimkaa. Jina la Futi alibandikwa kwa ajili ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata msibani. Watoto wake walikuwa wakisema baba yao anapima kila kitu isipokuwa alikotoka na anakokwenda.

Mke wake ndiye aliyekuwa akimrudisha nyumbani. Alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu kila mtu aliendelea kumwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Hakuweza kukaa bure. Wiki ya pili ya kustaafu alileta nyumbani kifaa cha GPS kidogo kama sabuni ya kuogea, akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi ile watakuwa wakienda kutafuta vijisanduku. Mchezo wenyewe una jina la Kizungu ambalo Futi alilitamka kama mtu anayepiga chafya, kwa hiyo nyumbani uliitwa vijisanduku basi. Mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka namba za mahali pale kwenye mtandao, na wewe unazifuata kwa kifaa chako mpaka ukipate. Ndani unakuta daftari. Unaandika jina lako, unakirudisha kilipokuwa, unakwenda zako.

"Halafu?" Futi aliuliza siku ya kwanza.

"Halafu nini?"

"Tunapata nini?"

"Tunapata njia," Mwalimu alijibu. "Wewe hasa."

Siku hiyohiyo alimwambia, "Niandalie nyuzi kabla hatujatoka," maana yake amwandikie kwenye karatasi namba zile za nyuzi, yaani digrii, na dakika zinazoonyesha mahali. Futi akaenda kibandani kwake akarudi na nyuzi saba, rangi mbalimbali, na sindano juu. Mwalimu alicheka mpaka akaketi chini sakafuni. Tangu hapo ikawa nyuzi zako na nyuzi zangu. Zako zinashona, zangu zinafikisha, Mwalimu alipenda kusema, na Futi alikubali, kwa kuwa bila zile za mkewe asingefika hata dukani kununua zile zake.

Jumamosi zao zilikwenda hivyo kwa miaka sita. Walikwisha kupata vijisanduku mia mbili na kumi na vinne, na Futi, tuseme ukweli, hakuwahi kukiona hata kimoja kabla ya mkewe. Hakujali. Alibeba chai ya chupa na mwavuli, akamfuata nyuma, akawa mtu mwenye furaha kuliko mafundi wote anaowajua.

Sasa sikia tatizo lilikoanzia. Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa akimtungia Futi nyuzi kwenye sindano jioni, sindano ishirini kwa mkupuo, akizichomeka kwenye mto mdogo tayari kwa kazi ya kesho. Mwaka huu akaacha. Alisema kazi ile inamchosha mgongo. Futi akajiuliza, tangu lini sindano ikawa na uzito? Baadaye Mwalimu akaacha gazeti, akisema magazeti yamejaa uzushi. Akaacha kwaya, akisema kiongozi mpya anatia chumvi kila wimbo, na Futi alipokwenda kuchungulia akamkuta kiongozi ni yuleyule wa siku zote, isipokuwa amebadilisha vitabu, na maandishi ya vitabu vipya ni madogo.

Hapo akaelewa. Macho ya mkewe yalikuwa yanaondoka, na yeye, mtu wa fahari zake, alikuwa anaviacha vitu kabla vitu havijamwacha. Futi aliogopa. Hakuogopa upofu, maana huko ni mbali na wangekabiliana nao ukifika. Aliogopa Jumamosi. Aliogopa asubuhi moja Mwalimu atanywa chai yake taratibu, aseme vijisanduku ni mchezo wa kitoto, na kitu hicho nacho kiwe kimekwisha, na yeye Futi ajifanye ameamini.

Kwa hiyo kifaa cha zamani kilipokufa, betri zimevuja tumboni mwake, Futi aliona nafasi. Kifaa kipya kingekuwa na kioo kikubwa, maandishi makubwa, namba za kuonekana na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mwalimu angeendelea kuona, na hakuna ambaye angelazimika kusema neno. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumfanya mkewe akichague bila kujua kwa nini.

Walikwenda Jumamosi asubuhi kwenye duka linalouza mahema, viatu vya kupandia milima, tochi na madarubini. Muuzaji alikuwa bwana mwenye kitambi na kizibao chenye mifuko kumi na mmoja. Futi aliihesabu kabla ya kusalimia. Wa saba ulishonwa upande, na ilimbidi ajikaze asinyooshe mkono.

"Karibuni, mzee wangu. Karibu, mama. Niwasaidie nini?"

"Tunataka GPS ya mkononi," Mwalimu alisema. "Ya kutafutia vijisanduku. Isiyopenya maji, ishike satelaiti hata chini ya miti, na itumie betri za kawaida za kununua popote. Na iwe ya vitufe."

"Iwe ya kioo kikubwa," Futi aliongeza haraka.

Mwalimu akamgeukia. "Kioo kikubwa cha nini? Unataka kunyolea ndevu?"

Muuzaji, ambaye bila shaka alikwisha kuona wake na waume wengi mbele ya kaunta ile, alipanga vifaa viwili juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kinene, cha rangi ya machungwa, na vitufe vya mpira vilivyotuna pembeni. Kioo chake kilikuwa na ukubwa wa stempu. Cha pili kilikuwa kioo kitupu kutoka juu mpaka chini, cha kugusa kwa kidole, kikubwa kama kiganja, namba zake zimejaa tele.

"Hiki chenye vitufe ni jembe," muuzaji alisema, akigonga kile cha machungwa. "Kikianguka kwenye jiwe, linaloumia ni jiwe. Hiki kingine ni cha kisasa, ramani unaiona vizuri, lakini lazima ukiguse kidole kitupu. Ukivaa glavu hakikusikii."

"Hiki," alisema Mwalimu, akishika cha vitufe.

"Hiki," alisema Futi, akishika cha kioo.

"Fundi, hicho ni kikubwa. Hakiingii mfukoni."

"Mfuko nitaushona mimi. Kazi yangu ni ipi?"

"Kikianguka?"

"Nitaushona na kifuniko."

"Mume wangu," Mwalimu alisema, na Futi akajua ameingia kwenye hatari, maana aliitwa mume wangu mbele za watu mara moja tu kwa mwaka, "hivi mtu anayepotea akitoka chooni anaanza lini kunifundisha kuchagua GPS?"

Muuzaji akakohoa. Akasema kuna njia nyepesi. Duka lina kisanduku chake cha majaribio, kimefichwa hapo nje, kama hatua mia moja na hamsini kutoka mlangoni. Kila mmoja achukue kifaa anachokipenda, akitafute kisanduku, kisha wakirudi waseme kipi kimewafaa. Akaandika namba kwenye vikadi viwili kwa kalamu, nyuzi na dakika, akawapa. Futi alisoma chake: zilikuwa zinaishia na mia moja themanini na tatu. Aliona Mwalimu akikitupia kikadi chake jicho moja tu na kukitia mkobani, kama mtu asiye na haja ya kutazama mara mbili.

Nje jua lilikuwa kali. Mwalimu akashika njia ya kulia, akiwa na kile cha machungwa. Futi akabaki mbele ya duka, akakitazama kioo chake kizuri. Kilimuuliza: Unataka kuanza safari? Chini kulikuwa na Ndiyo na Hapana.

Futi akagusa Ndiyo.

Kioo kikanyamaza. Akagusa tena. Akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza kwa upole, akajaribu kidole cha shahada, cha kati, cha mwisho. Hakuna kitu. Hapa lazima niseme jambo ambalo Futi alikuwa hamwambii mtu. Tangu ujana wake hakupenda kuvaa subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole kisichomwe na sindano. Alisema inamziba masikio ya kidole. Baada ya miaka arobaini ya kuchomwa, ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota sugu ngumu kama soli. Mwaka huu zilianza kufa ganzi pia. Matundu ya vifungo, ambayo wateja walimfuata kwa ajili yake kutoka mitaa ya mbali, alikuwa sasa anayafanyia kwenye mashine, akidai kwamba watu wa siku hizi hawajui tena tofauti. Na sasa kifaa hiki kilikuwa kinamwambia wazi, mbele ya barabara nzima, kwamba kidole chake si kidole.

Akajaribu kiwiko. Akajaribu kifundo cha mkono. Mwisho, alipoona hakuna anayemtazama isipokuwa watu wote waliokuwa kwenye foleni ya duka la mikate, alikiinua kifaa akakigusa kwa pua.

Kikaitika! Lakini pua ya Futi haikuwa chombo cha kulenga. Ilipita Ndiyo ikaangukia kona ya juu, lugha ikabadilika, na kioo kikajaa maandishi yenye vidoti na mikia ambayo hajawahi kuyaona. Akagusa tena kwa pua ili kurudisha, kifaa kikaanza kulia kama jogoo. Mama mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, "Mwone yule mzee, anaibusu simu."

"Si simu," alisema Futi kwa heshima, na akaondoka mahali pale akitembea kama mtu anayejua aendako.

Alizunguka ghala, akapita duka la rangi, akatokea nyuma ya lori lililoegeshwa, na hapo akamwona mkewe upande wa pili wa barabara. Mwalimu alikuwa amesimama peke yake. Alikinyoosha kile kifaa kidogo mbele kadiri mkono unavyofika. Kisha akakileta karibu hadi kikakaribia kope. Akatoa kadi mkobani, akaigeuza kwenye jua, akaiinamisha, akabonyeza vitufe polepole. Halafu akanyanyua kichwa, akaweka sawa mabega yake ya ualimu, akavuka, na akaingia bila kusita kwenye mlango ulioandikwa kwa herufi kubwa DAKTARI WA MENO.

Futi alirudi nyuma ya lori asije akaonekana. Moyo ulimuuma. Alitamani kumkimbilia na kumshika mkono, na alijua kwamba akifanya hivyo, ile ndiyo itakuwa Jumamosi yao ya mwisho. Akasubiri. Baada ya dakika chache Mwalimu akatoka, mkoba kwapani, akaelekea dukani kwa mwendo wa mtu aliyemaliza shughuli. Futi akamwacha atangulie, akamfuata kwa mbali. Kwa namna hiyo angalau hakupotea.

"Haya!" muuzaji alisema walipoingia. "Mmekipata?"

"Bila taabu," alisema Mwalimu.

"Dakika mbili," alisema Futi, akikishika kifaa kwapani ili kisiendelee kulia.

"Mmeandika majina kwenye daftari?"

"Nimeandika," alisema Mwalimu.

"Mimi chini ya lake," alisema Futi. "Ana mwandiko mzuri."

Muuzaji akawatazama, kwanza huyu kisha yule, kwa masikitiko ya mtu ambaye hakuwa na nia mbaya kabisa. Akainama chini ya kaunta. Akainuka na kisanduku kidogo cha kijani, kifuniko wazi, na daftari jipya lisilo na hata nukta.

"Samahani sana," alisema. "Daftari la zamani lilijaa, nikakiingiza ndani asubuhi nilibadilishe. Mlipotoka ndiyo nikakumbuka sijakirudisha."

Kifaa kililia mara moja kwapani mwa Futi, kikanyamaza.

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha kujaribia viatu, akaweka mkoba mapajani. "Nimeingia kwa daktari wa meno," alisema. "Nimekwenda moja kwa moja mpaka mapokezi, nikapapasa chini ya meza yao. Yule dada akaniuliza, mama, ni jino lipi?"

Futi alijaribu kujizuia. Alishindwa. Alicheka akiegemea rafu ya tochi, na Mwalimu naye akaanza kucheka, na muuzaji, ambaye hakujua kama inaruhusiwa, akageuka akaanza kufuta darubini safi. Lakini kicheko cha Mwalimu kilikwisha kabla ya vya wenzake, na macho yake yakabaki na maji.

"Nimesoma nane nikadhani ni tatu," alisema. "Nyuzi zote mbili zimenikimbia, Fundi. Za kwako sizioni, na za kwangu sizioni. Nilikwenda kwa daktari wa macho peke yangu. Amesema yaliyopotea hayarudi. Yaliyobaki yatakaa, nikitia dawa ya matone kila siku."

"Najua," alisema Futi.

"Unajua nini?"

"Tangu sindano. Unadhani kwa nini nang'ang'ania kioo kikubwa? Nakiona kama sinia. Nilitaka uone bila kuambiwa."

Mwalimu alimtazama kwa muda, au alitazama mahali alipokuwa. "Kumbe," alisema. "Na wewe unadhani kwa nini ninang'ang'ania vitufe? Kwa raha zangu? Leta mkono."

Futi akampa mkono. Mwalimu akamgeuza kiganja, akapita kidole chake juu ya zile sugu moja baada ya nyingine, kama anavyokagua madaftari.

"Mwezi wa tatu uliweka kidole juu ya birika la moto," alisema. "Ukakiacha pale, unaniuliza habari za mjomba. Nilikitoa mimi. Nikasema moyoni, huyu, kifaa cha kugusa hakitamsikia. Nilitaka cha vitufe siku mimi nikishindwa, uweze kubonyeza mwenyewe. Upate njia ya kurudi."

Mwaka mzima Futi aliamini yeye ndiye anayemficha mkewe jambo, kumbe walikuwa wamefichana kitu kilekile, kila mmoja akimtafutia mwenzake kifaa cha kumwokoa. Alimpenda sana wakati ule, na kwa kuwa hakuwa hodari wa maneno alimwambia muuzaji mfuko wake wa saba umeshonwa upande.

"Tutachukua cha kioo," Mwalimu alisema, akiinuka.

"Lakini mama," muuzaji alisema, "mzee hawezi kukigusa, na wewe, samahani, hata hicho kikubwa huenda..."

"Yeye atasoma, mimi nitagusa."

"Hivi vifaa vimetengenezwa kwa mtu mmoja, mama."

"Basi walikosea," alisema Mwalimu. "Nenda kaweke kisanduku chako, bwana, na safari hii usisahau."

Ilichukua muda kurudisha lugha. Kisha wakatoka wawili, bega kwa bega, kifaa katikati yao. Futi alisoma namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, nyuzi, kisha dakika, kisha yale yaliyobaki, na Mwalimu akagusa pale alipoelekezwa. Mara tatu Futi alisema kushoto akimaanisha kulia. Mara ya nne Mwalimu alimwambia atumie upande wa moyo na upande wa mkasi, na baada ya hapo walikwenda vizuri. Walipopita foleni ya mikate yule mama akasema, "Sasa wanaibusu wote."

Kisanduku kilikuwa nyuma ya bomba la maji ya mvua, kwenye ukuta wa ghala, mahali ambapo Futi alikuwa amepita asubuhi akiwa karibu kabisa kupakanyaga. Safari hii alikiona yeye kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita, na alipiga kelele kama aliyeshinda mbio.

"Mia mbili na kumi na tano," alisema Mwalimu, akichukua kalamu. Akafungua daftari jipya. Akasita. "Mstari uko wapi?"

Futi akaweka kidole chake cha shahada juu ya ukurasa, kimelala chini ya mstari wa kwanza. Mwalimu akakipapasa, akaegemeza kalamu juu yake kama juu ya rula, akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Herufi zilianza vizuri. Katikati ya safari kalamu ilipanda kidole, ikateremka, ikapanda tena. Futi alikuwa hasikii kitu. Aliona tu wino ukitembea juu ya ngozi yake hadi ukaishia kwenye ukucha.

"Limekaa kwenye mstari?" Mwalimu aliuliza.

Futi alifikiria kumdanganya, halafu akaona leo wamekwisha kudanganyana vya kutosha.

"Nusu liko kwenye daftari," alisema. "Nusu nimebaki nalo mimi."

Mwalimu akakishika kile kidole, akakileta karibu na jicho mpaka kikakaribia kope, akakitazama kwa muda mrefu.

"Usinawe," alisema, "mpaka nisahihishe."